Grendizer, mkimbizi wa angani aliyewagombanisha wazazi wa Italia

Alasiri ya Januari 1, 2024, tetemeko la ardhi la kipimo cha 7.6 liliipiga rasi ya Noto nchini Japani. Katika mji wa Wajima ukafuata moto, ukala mtaa wa soko la asubuhi, majengo zaidi ya 200. Mtaani hapo palikuwa na jumba la makumbusho la Go Nagai, mchora katuni aliyezaliwa Wajima Septemba 6, 1945, wiki nne kamili baada ya bomu la atomiki kuangushwa Nagasaki. Jumba liliteketea. Vifusi vilipopekuliwa, baadhi ya michoro ilikutwa imesalimika.

Huku kwetu habari hiyo ilipita kimya kimya. Kwa watu wengi wenye umri wa miaka hamsini hivi huko Beirut, Kuwait, Maskati, Roma na Paris, ilichoma. Nagai ndiye aliyembuni Grendizer, roboti mwenye pembe aliyetawala jioni za utoto wao, na Oktoba 2025 tamthilia hiyo ya katuni ilitimiza miaka 50. Nimeitazama upya kwa ajili ya makala haya, na nasema bila kusitasita: ni hadithi ya mkimbizi, tena miongoni mwa zilizo bora kuwahi kusimuliwa kwa watoto, na wakubwa waliotaka ipigwe marufuku walikuwa wameikosea.

Kwa asiyeijua, kisa ni hiki. Duke Fleed ni mwana wa mfalme wa sayari ya Fleed. Majeshi ya Mfalme Vega yanaivamia, yanaua watu wake na kuitia sumu ya mnururisho. Yeye anatoroka ndani ya Grendizer, roboti wa mita 30 anayesafiri akiwa ndani ya kisahani cha angani, anaangukia Japani, na mwanasayansi Dakta Umon anamwokota na kumfanya mwanawe. Anapewa jina la Daisuke. Anachunga farasi na kukamua ng'ombe kwenye shamba la mifugo, anapiga gitaa, na hataki vita tena. Vega anapoifuata Dunia, kijana huyu analazimika kurudi kwenye kiti cha roboti, huku mkononi ana jeraha la mnururisho wa vegatroni linalotishia kumuua. Karibu kila pambano linaanza kwa uso wa mtu asiyependa anachokwenda kukifanya.

Fuji TV iliirusha kila Jumapili jioni kuanzia Oktoba 5, 1975 hadi Februari 27, 1977, sehemu 74. Ilitengenezwa na kampuni ya Toei, iliyokuwa imekwisha kufanya kazi na Nagai katika Mazinger Z mwaka 1972 na Great Mazinger mwaka 1974. Miezi michache kabla, Julai 1975, Toei ilijaribu wazo lenyewe katika filamu fupi ya sinema kuhusu vita vya visahani vya angani. Kazuo Komatsubara ndiye aliyewapa wahusika sura zao mwanzoni. Baadaye Shingo Araki na Michi Himeno wakawachora upya, na ni wao waliompa Duke macho yale marefu yenye huzuni. Muziki ulitungwa na Shunsuke Kikuchi. Sanamu za chuma za roboti ziliuzwa madukani, kwa kuwa katuni za roboti za wakati huo ziliishi kwa mauzo ya vikaragosi.

Kuhusu uchoraji nitasema zaidi, kwa sababu uongo mkubwa ulikuja kujengwa juu yake. Kila picha ilichorwa kwa mkono, ikanakiliwa kwenye karatasi angavu za plastiki, ikapakwa rangi upande wa nyuma, kisha ikapigwa picha moja moja juu ya mandhari iliyochorwa kwa brashi. Kazi ya dakika ishirini na kitu kila wiki haikuwezekana kwa bajeti ya televisheni bila hila. Hila ya Wajapani ilikuwa kuweka akiba ya vipande vinavyorudiwa: Daisuke anaruka na kulitamka jina lake la kifalme huku nguo zikibadilika, kiti kinageuka, maji ya bwawa yanapasuka, kisahani kinatoka. Mtoto aliviona vipande hivyo wiki nenda wiki rudi. Vilibana gharama, lakini vilifanya pia kazi ya kiitikio katika ngano ya bibi: msikilizaji anajua kinachokuja, anajiweka tayari, na anakidai kisipokuja.

Ufaransa iliipokea Julai 3, 1978 kwenye Antenne 2 kwa jina la Goldorak, katika majira ya likizo ambayo kwa kawaida hayana watazamaji wengi. Kufikia Januari 1979 roboti yuko kwenye jalada la jarida la Paris Match. Mwaka 1981 mtafiti Liliane Lurçat alitoa kitabu kizima kuhusu mtoto wa miaka mitano anayeachwa peke yake mbele ya Goldorak. Hofu yake ilikuwa juu ya upweke wa mtoto, na hilo ni jambo la kuheshimiwa.

Italia ndiko moto ulikowaka. Hapa nategemea zaidi kazi za Marco Pellitteri, mtafiti wa vyombo vya habari, hasa kitabu chake Mazinga Nostalgia cha mwaka 1999, kinachowatetea watoto wa enzi hiyo, na mimi niko upande wake.

Goldrake, kama Waitalia walivyomwita, alionekana mara ya kwanza kwenye Rete 2 ya shirika la RAI jioni ya Aprili 4, 1978. Ni vizuri kukumbuka nchi ilivyokuwa siku hiyo. Machi 16 kundi la Red Brigades lilikuwa limemteka nyara Aldo Moro, waziri mkuu wa zamani, na kuwaua walinzi wake watano barabarani mjini Roma. Mei 9 maiti yake ilikutwa ndani ya buti la gari. Mtoto wa Kiitalia wa mwaka ule alikuwa akila chakula cha jioni katika nyumba ambamo wazazi wananong'ona. Kabla ya taarifa ya habari anamwona kijana aliyepoteza nchi akiilinda nchi ya watu wengine. Baada yake inakuja taarifa ya habari yenyewe, na picha zake hazikuchorwa na mtu.

Januari 1979, Silverio Corvisieri, mbunge wa mrengo wa kushoto na mjumbe wa kamati ya Bunge inayoisimamia RAI, aliandika katika gazeti la La Repubblica akiishambulia katuni hiyo. Kwa maoni yake ilitukuza vita na kumwabudu shujaa wa mashine, iliwafundisha watoto kumwogopa yeyote aliye tofauti, na shirika la umma halikupaswa kuilipia. Hoja ilisambaa upesi. Magazeti yakaifuata, walimu wakaifuata. Mwaka 1980 wazazi 600 wa mji wa Imola walitia saini zao kuzipinga katuni za roboti za Kijapani.

Tuipime hoja hiyo kwa haki. Ni kweli kwamba karibu kila sehemu ina chuma kinachokatwa vipande na moto mwingi. Ni kweli pia kwamba RAI ilipenda bidhaa ya Japani kwa kuwa ilikuwa rahisi kununua kuliko kuchora yake yenyewe, na mbunge ana haki ya kuhoji fedha za umma. Lakini hili la kumwogopa aliye tofauti linaonyesha kwamba mwandishi hakukaa akatazama. Mgeni katika hadithi hii ndiye shujaa. Ni mtu wa sayari nyingine, damu yake si ya hapa, anaificha asili yake kwa kuhofia watakavyomwona, na mkulima aliyempa kazi anamnung'unikia kuwa ni mvivu. Rubina, binti wa Vega mwenyewe, alikuwa mchumba wake zamani, na anakufa akimkinga. Makamanda wa adui nao wana watoto na sayari zilizochomwa. Nikitazama sehemu hizo leo nashangaa kwamba mtu yeyote aliweza kuziita za kichochezi.

Na ule uongo nilioutaja? Magazeti yaliandika kwamba katuni hizi zilichorwa na kompyuta, bila mkono wa binadamu, ndiyo maana zilikuwa baridi na zenye ukatili. Mwaka 1975 hapakuwa na kompyuta ya kuifanya kazi hiyo kwa ajili ya televisheni. Palikuwa na watu walioinama juu ya meza usiku kucha. Kuufuta mkono wa msanii ili kazi yake ihukumiwe kwa wepesi ni dhuluma, na inanikasirisha hata sasa.

Aliyenyanyuka kuwatetea watoto alitoka katika mrengo huohuo wa kushoto. Gianni Rodari alikuwa mwalimu wa zamani, mkomunisti, mwandishi wa watoto aliyepewa tuzo ya Hans Christian Andersen mwaka 1970. Katika jarida la Rinascita, la chama chake, alichukua upande wa Goldrake. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa kwamba roboti huyo ni Herkule wa siku hizi: yule wa kale alikuwa nusu mtu nusu mungu, huyu ni nusu mtu nusu mashine, na kila mara ana kazi kubwa mbele yake, anaikabili na kuishinda. Kama visa vya Herkule havikuwaharibu watoto, hivi navyo vina kosa gani? Akawataka wakubwa waache kubishana na Goldrake na wawaulize watoto wanachokiona. Rodari alifariki Aprili 14, 1980. Ushauri wake huo kuhusu televisheni bado haujafuatwa na wengi, hata huku kwetu, ambako mzazi humkabidhi mtoto simu na kuulalamikia utandawazi jioni.

Mbali na mabishano hayo, Grendizer alipata makao mengine Beirut. Vita vya Lebanon vilianza Aprili 1975, mwaka uleule wa tamthilia. Kuelekea mwisho wa muongo huo, katika mji uliogawanywa na mstari wa mapigano, kampuni ya Filmali ya Nicolas Abu Samah iliitia tamthilia hiyo sauti za Kiarabu. Jihad al-Atrash alimpa Duke Fleed sauti nzito ya mtu aliyekomaa, na Sami Clark akaimba wimbo wa ufunguzi. Waliteua Kiarabu fasaha, kile cha vitabuni, ili mtoto wa Lebanon na wa Ghuba waelewe sawasawa. Waigizaji walikuwa watu waliojua kwa miili yao maana ya anga linaloangusha moto, na ukisikiliza unakubali: maneno ya Duke kuhusu nchi iliyopotea hayasikiki kama ya katuni.

Kutoka Beirut sehemu hizo za Kiarabu zikaenda Ghuba, na hapo ndipo zilipowakuta jamaa zetu. Familia zilizohama Zanzibar na kurejea Omani baada ya 1970 zililea watoto waliozungumza Kiswahili na bibi zao na Kiarabu shuleni. Kiarabu cha Duke Fleed kiliwaingia sebuleni bila viboko. Sisi tuna tamthilia za Kituruki zinazoongea Kiswahili kila usiku, na waigizaji wa sauti hodari wa kuzifanya. Kazi kubwa za watoto kama hii hazijapewa heshima hiyo, na vituo vyetu vina wajibu wa kueleza kwa nini Beirut iliweza chini ya mabomu na sisi hatujaweza kwa amani.

Miaka ya karibuni nitaitaja kwa haraka. Mwaka 2021 wasanii watano wa Kifaransa walichapisha kitabu cha katuni kinachoendeleza hadithi. Sami Clark alifariki Februari 2022, na mwaka huohuo mjini Riyadh ikasimama sanamu ya chuma ya Grendizer ya urefu wa mita 33.7, kubwa kuliko roboti mwenyewe wa hadithini. Ulifuata mchezo wa video mwaka 2023, na Julai 2024 tamthilia mpya, Grendizer U, sehemu 13, kwa ushirikiano wa studio ya Gaina ya Japani na Manga Productions ya Saudi Arabia. Ina rangi nzuri na kasi kubwa. Kinachokosekana ni ukimya wa shambani, zile dakika za Daisuke na farasi ambazo zilitufanya tumwonee huruma kabla hajapigana.

Italia ilianza kuitazama Januari 2025. Kituo kilichoirusha kilikuwa Rai 2, ileile Rete 2 ya mwaka 1978.