Nani alimlipia mwanagenzi wa simu?

Leo naweka msimbo kando kidogo, maana kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumatatu.

Kijana mmoja kutoka chuo cha kiufundi alifika ofisini kwetu kuomba nafasi ya mafunzo ya kazini, yale ya miezi 3 ambayo sote tunayaita atachimenti. Anasomea mitandao na mawasiliano ya simu. Barua yake ilikuwa safi, bima anayo, nikamwambia tutaona. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Bosi, na ada ni pesa ngapi?" Ada gani tena? Akanieleza kwamba mahali alikotoka aliambiwa alipe kwanza ndipo apewe meza. Meza, jamani, si mshahara!

Nikamkumbuka Mzee. Mzee (jina lake naliacha, hapendi makuu) ndiye aliyenifundisha kebo nilipokuwa kwenye atachimenti yangu mwenyewe, katikati ya miaka ya 2000, katika kampuni moja ndogo hapa Nairobi. Wengine pale walinituma chai na kunibebesha ngazi. Yeye alinipa koleo. Na alipokuwa kijana akijifunza kazi hiyo hiyo, hakulipa hata senti. Alilipwa yeye, kila mwisho wa mwezi!

Imekuwaje basi tukatoka kule tukafika hapa? Tuanze mwanzo.

Ujuzi ulioletwa kwa meli

Waya ulifika kwetu kabla nchi yenyewe haijaitwa Kenya. Zanzibar iliunganishwa na Aden kwa kebo ya baharini mwaka 1879. Huku pwani yetu, kampuni ya IBEA ilianza mwaka 1888 kujenga laini ya nchi kavu ya kuunganisha Mombasa, Malindi na Lamu. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, nguzo za telegrafu ziliandamana nayo kuelekea ziwani. Mwaka 1908 Nairobi ikapata mtandao wa simu wa umma uliokuwa na wateja 18. Ndiyo, 18. Leo jumba moja la ghorofa kule Pipeline lina simu nyingi kuliko hizo.

Lakini ufundi wenyewe haukufundishwa hapa. Uliletwa kwa meli pamoja na mitambo, vichwani mwa watu kutoka Uingereza na India. Mwafrika alichimba shimo la nguzo na kuvuta waya. Kilichokuwa ndani ya eksichenji kilikuwa siri ya wengine.

Shule moja, nchi tatu

Mabadiliko yalianza mwaka 1948. Idara ya posta na simu ya Afrika Mashariki ilianzisha Nairobi Shule Kuu ya Mafunzo kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Shule hiyo ungali unaweza kuiona, ila jina limebadilika: ndiyo Multimedia University ya leo, kule barabara ya Magadi.

Baada ya uhuru haja ilizidi. Mafundi wageni walikuwa wakifunga virago na simu ilikuwa lazima iendelee kulia. Mkataba wa Afrika Mashariki wa 1967 ulihamishia makao makuu ya shirika Kampala, lakini shule ilibaki Nairobi. Kijana wa Mwanza angeweza kuketi benchi moja na wa Jinja na wa Kisumu, wakifundishwa mtambo ule ule, kwa sababu mwajiri wao alikuwa mmoja.

Mpango wenyewe ulifuata desturi ya Posta ya Uingereza: unaajiriwa kwanza, halafu unafundishwa. Tafadhali soma sentensi hiyo mara ya pili. Unaajiriwa kwanza. Mzee alinisimulia kwamba alikaa darasani kwa muda, akatumwa nyanjani chini ya fundi mkubwa, akarudi darasani tena, hivyo hivyo kwa miaka. Aliyetaka kupanda cheo alijiandaa pia kwa mitihani ya City & Guilds ya London. Shirika halikufanya hayo kwa huruma. Lilihitaji mafundi, na hapakuwa na duka la kuwanunua.

Rangi, vidole na mlio

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda. Somo la kwanza alilonipa Mzee halikuwa la umeme bali la rangi. Kebo ya simu ya jozi 25 hupangwa kwa makundi mawili ya rangi. La kwanza: nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau. La pili: buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu. Jozi ya 1 ni nyeupe na buluu, ya 2 nyeupe na chungwa, ya 6 nyekundu na buluu, na kuendelea hadi zambarau na kijivu, jozi ya 25. Nilipoelewa nilicheka. Wenzangu wa programu mtaitambua mara moja: hizo ni namba za kizio cha 5, tarakimu mbili, zilizoandikwa kwa rangi!

Na hapo nikajua asili ya kitu nilichokuwa nikikariri bila kuelewa. Chuna kebo ya mtandao iliyo nyuma ya tarakilishi yako. Utakuta jozi 4: buluu, chungwa, kijani, kahawia, kila moja na mwenzake mweupe. Ni jozi 4 za kwanza za orodha ya fundi wa simu. Na kwa nini jozi ya buluu hukaa katikati kabisa ya plagi, kwenye pini ya 4 na ya 5? Kwa sababu laini ya simu ilikuwa ikikaa katikati, na waliopanga pini za mtandao waliiachia nafasi yake. Kila ukibana plagi unarithi uamuzi wa watu wa simu.

Mzee mwenyewe alianzia kwenye eksichenji ya Strowger. Almon Strowger alikuwa mzishi wa maiti huko Kansas City, Marekani. Husimuliwa kwamba alishuku wahudumu wa simu walikuwa wakiwaelekeza wateja wake kwa mshindani, akaamua kubuni mtambo usiohitaji mhudumu, akapata hataza mwaka 1891. Ulipozungusha namba, simu yako ilikata mkondo wa umeme kwa mipigo, takriban 10 kwa sekunde. Namba 3 ni mipigo 3, sufuri ni mipigo 10. Kwa mipigo hiyo mkono wa chuma ulipanda ngazi, ukazunguka, ukagusa laini inayofuata. Ukumbi mzima ulikuwa ukilia tak-tak-tak.

Mwanagenzi wa enzi hiyo aliiona simu ikipita kwa macho yake. Palipokwama, mkono wa chuma ulisimama pale pale na fundi akaonyesha kwa kidole. Paketi zetu hazionekani. Ndiyo maana namsisitizia kila kijana ajifunze Wireshark mapema. Hayo ndiyo macho tuliyobaki nayo.

Vidole navyo vilikuwa na masomo yake. Laini ya simu iliyotulia hubeba takriban volti 50 za mkondo mnyoofu, ambazo kidole kikavu huenda kisizisikie. Lakini mtu akipiga simu wakati umeshika jozi, zinakuja volti 75 au zaidi za mkondo geu. "Hapo," alisema Mzee, "utajua kwamba mteja ana rafiki." Akanieleza pia kwa nini eksichenji huunganisha upande chanya wa betri na ardhi. Waya ukiwa upande hasi, shaba yake hailiwi na unyevu upesi. Uamuzi huo mdogo umeokoa waya mwingi sana chini ya ardhi.

Na kutafuta hitilafu? Usianzie mwisho wa laini, gawanya katikati. Nenda kwenye kabati la kando ya barabara, chomeka simu ya majaribio. Ukipata mlio, tatizo liko upande wa mteja. Usipoupata, liko upande wa eksichenji. Kisha gawanya tena. Mimi nilifundishwa mbinu hiyo chuoni kama nadharia ya kutafuta kwenye orodha iliyopangwa. Mzee aliifanya juu ya nguzo, mvua ikinyesha.

Mwajiri anapoacha kuwa shule

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na kila nchi ikabaki na shirika lake. La kwetu likawa Shirika la Posta na Simu la Kenya. Uanagenzi haukufa, kwa kuwa mwajiri alikuwa bado mmoja na bado alihitaji mafundi. Kuanzia miaka ya 1980 eksichenji za kidijitali zikaanza kuingia, na mafundi wa Strowger wakarudi darasani kujifunza upya. Mwaka 1992 shule ikapandishwa hadhi kuwa Chuo cha Teknolojia ya Mawasiliano cha Kenya, KCCT.

Pigo lilikuja mwaka 1999. Shirika liligawanywa mara tatu: Telkom Kenya, Shirika la Posta, na tume ya kusimamia mawasiliano. Kampuni za simu za rununu nazo zikashika kasi kuanzia 2000. Maelfu ya wafanyakazi wa simu za mezani walipunguzwa, na Desemba 2007 asilimia 51 ya Telkom ikauzwa kwa France Telecom. Chuo kikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2008, kisha chuo kikuu kamili mwaka 2013. Mzee alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Aliondoka akijua ni kiungo kipi cha kebo huingia maji mvua za Aprili zikianza. Hakuna aliyemwomba aandike.

Tusidanganyane, mfumo wa zamani haukuwa paradiso. Kufikia 1999 nchi ya watu milioni 28 ilikuwa na laini za mezani takriban 300,000 tu, na watu walisubiri simu kwa miaka. Mlango wa shule ulikuwa mwembamba, na ukikosa nafasi kwa mwajiri yule mmoja, huna pa kwenda. Soko huria lilileta simu mkononi mwa mama mboga. Hilo silipingi.

Ninachosema ni kwamba tulipovunja shirika, tulisahau kuuliza nani atabeba gharama ya kumfundisha fundi. Kampuni nyingi ziliona afadhali kumchukua aliyekwisha kufundishwa na mwingine. Gharama ikateremka, ikateremka, hadi ikamwangukia mwanafunzi. Cisco ilianzisha akademia zake mwaka 1997 na cheti cha CCNA mwaka uliofuata, na vijana wetu wakakikimbilia, kwa ada za wazazi. Ni cheti kizuri, mimi mwenyewe ninacho. Lakini unaweza kukipata bila kugusa kebo iliyolowa maji.

Kebo za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009, wakandarasi walitafuta waunganishaji wa faiba kila kona. Wote walitaka mtu "mwenye uzoefu". Uzoefu upatikane wapi, na aufadhili nani?

Walikuwapo waliojaribu kujibu. Kundi la wahandisi wa mitandao wa Afrika, AfNOG, lilianza warsha zake Cape Town mwaka 2000, wakufunzi wakijitolea na wanafunzi wakishika mitambo halisi. Na sheria yetu ya mafunzo ya viwandani ina wazo zuri: mwajiri hutoa ushuru wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, ili asiyefundisha amchangie anayefundisha. Tangu 2011 kazi hiyo ni ya NITA, ambayo pia hutoa majaribio ya ufundi kuanzia daraja la III hadi la I. Waajiri wangapi wanaoulipa ushuru huo huukumbuka pale kijana anapobisha mlangoni na barua yake?

Mimi nimeulipa miaka yote bila kufikiri. Aibu yangu.

Haya basi. Yule kijana anaanza Jumatatu. Ada hakuna. Nimezungumza na wenzangu, nauli na chakula cha mchana tutampa, si mshahara wa enzi za Mzee lakini ni mwanzo. Nimemtafutia koleo, kipimo cha kebo na swichi moja halisi ambayo anaruhusiwa kuiharibu. Chai tutajichemshia wenyewe.

Na wewe msomaji, ulipokuwa ukijifunza, nani alikulipia? Na sasa unamlipia nani?