Mali ya Ujiji na Macho ya Aliye Mbali

Ujiji, mji uliositawi kwa pembe za ndovu, chumvi, mafuta ya mawese na, kwa fedheha ya tarehe yetu, kwa biashara ya watumwa, aghalabu uliendeshwa na watu wasiokuwapo. Tajiri aliketi Unguja au Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, wakili wake akakaa ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, na baina yao palikuwa na njia ambayo wasafiri Waingereza Burton na Speke, walioondoka pwani katikati ya mwaka 1857, hawakuimaliza mpaka Februari 1858. Barua iliyokwenda kwa mwendo huo ilisimulia hali iliyokwisha pita, na amri iliyorudi iliamuru jambo lililokwisha haribika.

Hasara ya utaratibu huo ilimfika David Livingstone, mmisionari na msafiri, aliyerudi Ujiji kutoka Manyema, magharibi ya ziwa, mnamo Oktoba 1871, mgonjwa na fukara, akitumaini shehena iliyotumwa kwake kutoka Unguja. Shehena ile, yadi 3,000 za nguo na ratili 700 za ushanga, ilikuwa amana mikononi mwa mtu aliyeitwa Sherif, naye, baada ya kupiga ramli kwa Kurani na kujithibitishia kwamba Livingstone amekufa, aliiuza yote kwa pembe na watumwa. Ramli ya faida kubwa hiyo, kwa mwenye kuipiga! Mwandishi wa habari Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alipowasili siku chache baadaye, alimkuta mwenye mali hana hata pande la nguo katika shehena ile. Uaminifu ulikosekana, ndiyo. Walakini kilichomrahisishia Sherif hiana yake ni kule kujua kwamba haonekani.

Reli ilifika Kigoma, jirani ya Ujiji, mwaka 1914, na bandari ikauvuta ukwasi wa Ujiji. Mwendo wa miezi ukawa wa siku. Hata hivyo simu na barua zilileta maneno ya wakili tu, si kazi ya mikono yake.

Jambo hilo liligeuka wataalamu wa maabara ya Olivetti na Oracle, mjini Cambridge, Uingereza, walipoitoa VNC, programu ya kuitazama na kuiendesha kompyuta iliyo mbali, mwaka 1998, wakampa kila mtu ruhusa ya kuusoma msimbo wake, kuubadili na kuugawa. Kompyuta iliyo mbali hupeleka picha ya sehemu ile tu ya kioo iliyobadilika, na mtazamaji hurudisha mibofyo ya kibodi na mienendo ya kipanya, hata akawa kana kwamba ameketi mbele yake. Maabara ilifungwa mwaka 2002, lakini programu haikufa nayo, kwa kuwa uhuria wake ulikwisha kuiweka katika mikono mingi. Mojawapo ya programu zilizotokana nayo, TightVNC, ilikaza picha hizo ili zipite katika mikondo dhaifu. Fadhila hiyo ilitufaa sisi hasa, maana kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika mwaka 2009, intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, na kila mbofyo ulipanda kilomita 36,000 angani kabla ya kuonekana taathira yake.

Lakini dirisha la mwenye mali ni dirisha la mwizi pia. VNC ya asili ilizingatia herufi nane tu za kwanza za neno la siri, na picha zake zilisafiri bila kufumbwa; basi yeyote anayesimamia hesabu za Kigoma akiwa Dar es Salaam na aipitishe VNC ndani ya SSH, njia inayoyafumba mawasiliano, ambayo nayo hupatikana bure, kabla hajafungua daftari la kwanza.