Filamu za Makala Nchini Kenya: Kazi ya Mtayarishaji wa Kujitegemea

Mtayarishaji wa kujitegemea wa filamu za makala hulichagua jambo mwenyewe, huliandikia andiko, hulitafutia fedha, na mara nyingi hushika kamera au kinasa sauti kwa mkono wake. Nchini Kenya kazi hii ilichelewa kuota mizizi, kwani kamera ilianzia mikononi mwa wageni na dola.

Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliogharamiwa na shirika la Carnegie la Marekani, ulitengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, na kuzizungusha kwa gari Tanganyika, Kenya na Uganda. Filamu zenyewe hazikuwa na sauti. Maelezo, yakiwemo ya Kiswahili, yalirekodiwa kwenye santuri iliyopigwa kando ya mashine ya kuonyeshea. Sindano iliporuka, maneno na picha viliachana njia. Waafrika walionekana kwenye picha, lakini kisa kiliamuliwa na wakuu wa mradi, Notcutt na Latham. Mwaka 1962 ikatungwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, iliyodai leseni kabla ya kamera kuwashwa. Sharti hilo halikuondoka na mkoloni.

Aliyetangulia kuonyesha kuwa mtu binafsi anaweza kuishi kwa kamera ni Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam na kuanzisha Camerapix mwaka 1963. Picha zake za njaa ya Ethiopia, za Oktoba 1984, ziliitikisa dunia. Hata hivyo wanunuzi wake wakubwa walikuwa televisheni za ng'ambo, na habari haingoji, ilhali makala hudai subira. Alifariki 1996, ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Ngazija.

Video, kisha kamera za dijitali, zilishusha gharama, lakini hazikumwondolea mtayarishaji tatizo la riziki. Wengi waliishi kwa filamu fupi za mashirika kuhusu maji, chanjo au elimu. Ni kazi ya halali na yenye faida kwa jamii, ila anayelipa ndiye anayesema neno la mwisho. Kujitegemea kwa kweli kunahitaji fedha zinazomwachia mtayarishaji uamuzi, na zinazodumu muda mrefu. Judy Kibinge, aliyeacha kazi ya matangazo ya biashara akaingia katika filamu, aliliona pengo hilo, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 akaanzisha Docubox, mfuko wa kuwasaidia watengenezaji wa filamu za makala wa Afrika Mashariki. Yeye mwenyewe alitoa Scarred mwaka 2015, kuhusu mauaji ya Wagalla, Wajir, ya 1984: miaka 31 baada ya tukio.

Pwani, mfano ulio bora ni The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King. Kijana anayeishi Mombasa anasikia kuwa bibi yake, aliyepita miaka 90, anatuhumiwa uchawi na watu wa ukoo. Anarudi Kilifi na kumkuta angali analima kwa jembe. Nyuma ya tuhuma kuna shamba. Katika mitaa ya Kisauni, Mombasa, kama Junda na Mishomoroni, ambako familia nyingi za Kimijikenda bado zina mashamba na makaburi Kilifi, kisa hicho hakihitaji mkalimani. Watayarishaji walikaa na familia hiyo kwa miaka, wakasikiliza pande zote mbili. Ndiyo maana hata wanaotuhumu wanaongea wakiwa watu kamili. King alipiga picha, Lekow akatunga muziki.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, kwenye tamasha la IDFA la 2019, kisha Kenya ikaichagua kuiwakilisha katika tuzo za Oscar za 2021. Wawili hao walirudi mwaka 2025 na How to Build a Library, kuhusu wanawake wawili wanaoifufua maktaba ya McMillan, Nairobi. Hiyo nayo iliwachukua miaka.