Chumvi ya Katwe na Mfuko Mdogo wa Zana

Anayejiandaa kwa safari ndefu ya baiskeli siku hizi hujiuliza achukue zana zipi, na kila moja ina gramu ngapi. Viwanda vimemjibu kwa kumuuzia vitu vyepesi: spana nyembamba, pampu fupi ya alumini, funguo sita zilizokunjwa ndani ya kishikio kimoja. Jibu hilo linachukulia kwamba wepesi ni sifa ya zana yenyewe. Historia ya njia za chumvi zinazotoka Katwe, magharibi mwa Uganda, kwenda Kasese, Bwera na ng'ambo ya mpaka wa Kongo inafundisha jambo jingine. Huko watu walibeba mizigo mizito kwa baiskeli miaka mingi wakiwa na zana chache mno, na sababu haikuwa chuma chepesi. Zana zilikuwepo njia nzima, ila zilikaa kwa watu wengine, na chumvi ndiyo iliyozifungua. Nitakachotetea hapa ni kwamba uzito wa mfuko wa zana huamuliwa na njia, na aina ya baiskeli, kabla haujaamuliwa na duka.

Ziwa Katwe ni dogo. Limekaa ndani ya kreta ya volkeno, kusini kidogo mwa ikweta, karibu na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Edward. Maji yanaingia lakini hayana mkondo wa kutokea. Jua ndilo linaloyaondoa na kuacha chumvi. Wanaume huingia ziwani na kuvunja mabamba ya chumvi kutoka chini, na wanawake kwa sehemu kubwa hushughulikia vibwawa vilivyochimbwa kandokando, vyenye kuta za udongo, ambamo hupatikana chumvi nyeupe zaidi. Kwa ajili ya ziwa hilo falme zilipigana. Toro ilipojitenga na Bunyoro katika karne ya 19 ilijitwalia chumvi hiyo, na baadaye Kabalega wa Bunyoro akairudisha mikononi mwake kwa nguvu. Mgunduzi Stanley alipopita mwaka 1889 akiwa na Emin Pasha, aliwakuta askari wa Kabalega wakilishikilia eneo hilo. Miaka miwili baadaye Lugard, ofisa wa Kiingereza, alijenga ngome hapo, akaiita Fort George, kwa kuwa alielewa kwamba mwenye Katwe ana hazina ya kununulia bunduki. Tusisahau jambo hili tunapofikiria baiskeli: bidhaa iliyokuwa ikibebwa ilikuwa na nguvu ya fedha.

Nguvu hiyo ndiyo iliyomwezesha mbebaji wa zamani kusafiri akiwa na vitu vichache. Katwe iko katika bonde kavu lisilolisha watu wengi kwa kilimo. Chakula kilitoka kwingine: kutoka milima ya Wakonzo, kutoka Toro, kutoka Nkore upande wa pili wa mfereji wa Kazinga. Waliokuja ziwani walileta nafaka, mbuzi na majembe, wakaondoka na chumvi, wengine kwa miguu na wengine kwa mitumbwi ya Ziwa Edward na Ziwa George. Mpagazi wa misafara ya pwani alipewa ratili 60 hadi 70, yaani karibu kilo 30, na juu yake kulikuwa na chakula, vyungu na mikeka. Mbebaji wa chumvi hakuhitaji kubeba chakula chote cha safari, kwa sababu kipande cha mzigo wake kilimpatia ndizi na mahali pa kulala katika kijiji chochote kisichokuwa na chumvi, na vijiji hivyo vilikuwa vingi. Ephraim Kamuhangire, mwanahistoria aliyechunguza eneo hili kwa kina, alilichukulia kama uchumi mmoja uliozunguka maziwa ya chumvi, na nadhani alikuwa sahihi. Ndani ya uchumi wa namna hiyo, kile ambacho mgeni angelazimika kukibeba, mwenyeji alikikuta mbele yake.

Baiskeli ziliingia Uganda mwanzoni mwa karne ya 20 zikiwa za wamisionari na maofisa. Pamba na kahawa zilipowapa wakulima fedha, zikawa mali ya wananchi. Iliyoshinda ni ile nyeusi ya Kiingereza, ya mtindo wa Raleigh wa Nottingham: yenyewe karibu kilo 20, magurudumu ya inchi 28, gia moja, breki za fito za chuma badala ya waya, na keria imara nyuma. Mtu akifunga magunia kwenye keria na mbavuni mwa fremu, kisha akashuka na kuisukuma, huhamisha mzigo ambao wapagazi watatu wangeshindana nao. Hapo hesabu ya kilo inabadilika. Chumvi ni bidhaa rahisi. Kila kilo ina faida ndogo, na mchukuzi hupata riziki kwa wingi wa kilo. Chumvi huuzwa mwisho wa safari na uzito wake huisha. Spana huenda na kurudi bila kuuzwa popote, hata pale keria inapojazwa maharage au ndizi za kurudi nazo. Ndiyo maana hata nusu kilo ya chuma ilistahili kuulizwa inafanya kazi gani.

Kwa nini iliwezekana kuiacha? Kwanza kwa sababu ya baiskeli yenyewe. Hero ya India, iliyoanza kutengenezwa Ludhiana mwaka 1956, na Phoenix ya Shanghai ziliufuata mtindo uleule wa Kiingereza, na kwa kiasi kikubwa vipuri vyake viliweza kuchanganywa: tairi, tyubu, spoku, gololi, pedeli. Nati zake ni za saizi chache, kiasi kwamba spana moja bapa yenye matundu mengi hufungua karibu kila kitu. Fundi mmoja chini ya mti, mwenye spana hiyo, nyundo, kipande cha chuma kizito cha kugongea, pampu ya mguu na beseni la maji la kutafutia tundu, aliweza kuhudumia kila baiskeli iliyopita. Hakuna mfuko wa msafiri unaofikia uwezo huo, hata uwe wa bei gani. Baiskeli ya kisasa ya mbio ina mnyororo mwembamba unaohitaji kifaa chake, bolti za pembe sita za vipimo mbalimbali, na breki zenye mafuta. Mwenye baiskeli hiyo akifika Kikorongo, kwenye barabara kuu, fundi hana la kumsaidia, kwa hiyo analazimika kubeba karakana yake mwenyewe na kuhangaika kuipunguza gramu kwa gramu. Tatizo la uzito analotaka kulitatua kwa titani alilinunua siku aliyonunua baiskeli.

Hata hivyo mfuko haukuwa mtupu, na kilichobaki ndani yake kinaonyesha akili iliyofikiri. Hitilafu za baiskeli ya mzigo si za aina moja. Zipo zinazotoa taarifa mapema: nati inayolegea hulia, mnyororo uliochakaa huruka, gololi zilizokauka hukwaruza. Hizo hushughulikiwa kabla ya kuondoka, kwa fundi wa nyumbani. Zipo pia zinazopunguza mwendo bila kuizuia safari, kwa maana baiskeli yenye magunia mara nyingi husukumwa. Mnyororo ukikatika, bado inasukumika. Lakini gurudumu likitobolewa na mwiba, mambo yote yanasimama hapohapo, bila onyo, na ukilazimisha kuisukuma, uzito wa magunia utaikata tyubu na kupinda rimu. Kwa hiyo zana zilizostahili kubebwa ni zile za gurudumu: pampu, ambayo fremu nyingi za zamani zilikuwa na vishikizo vyake, gundi, na kitu cha kubandika. Breki nazo zilikuwa muhimu kwenye miteremko ya Rwenzori, ila fito ikigoma, kuna soli ya kandambili iliyokandamizwa kwenye tairi.

Kuhusu kitu cha kubandika, hapa ndipo ninapoona ustadi mkubwa kuliko wote. Mizigo ilifungwa kwa vipande virefu vya tyubu kuukuu, ambavyo huvutika na kubana kuliko kamba ya katani. Vipande hivyo vilikuwa kazini tangu hatua ya kwanza. Tyubu ikitoboka, kipande kidogo hukatwa mwisho wa kamba hiyo na kuwa kiraka. Tairi likichanika, kipande kinawekwa ndani kuziba mpasuko. Kishikio kikilegea, kipande kinazungushwa mpaka kibane. Zana iliyonunuliwa kwa ajili ya ajali peke yake hubebwa bure mpaka ajali itokee. Mpira wa kufungia mzigo haubebwi bure hata kilomita moja. Mtu anayetaka kupunguza uzito kwa dhati angeanza hapo, kwa kuuliza kila kitu kilichomo kwenye mzigo kinaweza kufanya kazi gani ya pili.

Chumvi yenyewe iliongeza sababu nyingine. Gunia linalovuja maji ya chumvi hudondokea rimu, spoku na mnyororo, na spana iliyotupwa ndani ya mfuko huohuo hupata kutu haraka. Serikali ya Uganda ilijifunza ukali huu kwa gharama kubwa: kiwanda cha kisasa cha chumvi kilichojengwa Katwe katika miaka ya 1970 na kampuni ya Kijerumani kilishindwa kufanya kazi kwa sababu maji ya ziwa yaliyatafuna mabomba yake, na mabaki yake yamesimama hapo mpaka sasa. Wachimbaji wakaendelea na mikono, mitaimbo na vibwawa. Mahali ambapo chuma huliwa namna hiyo, ni busara kumiliki chuma kidogo, kinachopatikana kwa urahisi, na kukipaka grisi.

Kuna watakaosema kwamba ninaupamba umaskini: hawakubeba zana kwa sababu hawakuwa na fedha za kuzinunua. Umaskini ulikuwepo na sina haja ya kuuficha. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, maduka mengi yaliyokuwa yakiuza baiskeli na vipuri yalivurugika, na bidhaa za kawaida zikawa adimu nchi nzima. Biashara ya magendo ya kahawa kwenda Zaire, yaani Kongo ya leo, ilistawi katika mazingira hayo. Lakini umaskini unaeleza tu kwa nini mtu ana vitu vichache. Hauelezi kwa nini ana vile alivyonavyo. Kama uhaba wa fedha ungekuwa sababu pekee, kilichomo mfukoni kingekuwa cha bahati nasibu, chochote kilichookotwa. Badala yake tunakuta mpangilio: gurudumu kwanza, chenye kazi mbili kabla ya chenye kazi moja, kizito kikaachwa kwa fundi. Huo ni uamuzi, na maskini hufanya maamuzi makali kuliko wengine kwa sababu kosa humgharimu zaidi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la utegemezi: msafiri asiyeweza kujitengenezea yuko mikononi mwa watu. Wazo hili liliwahi kufanywa sheria. Mwaka 1913, katika mashindano ya Tour de France, foki ya baiskeli ya Eugène Christophe ilivunjika kwenye mteremko wa Tourmalet. Kanuni zilikataza msaada wowote. Alitembea zaidi ya kilomita kumi akiwa ameibeba baiskeli, akaifua foki mwenyewe kwenye karakana ya mhunzi huko Sainte-Marie-de-Campan, na bado akaadhibiwa kwa kuwa kijana mmoja alimpulizia mivukuto. Wengi humsifu kwa ushujaa wake, nami namsifu. Lakini hata yeye hakuwa na nyundo wala tanuru mfukoni; aliokolewa na mhunzi aliyekuwepo kijijini. Kanuni ilikataa tu kukiri kile ambacho safari ilikihitaji. Mchukuzi wa chumvi alikikiri na kukilipia. Aidha, alisafiri mara nyingi na wenzake, na kundi la watu watano halihitaji pampu tano. Ng'ambo ya mpaka, katika Kongo mashariki, wafanyabiashara waliosukuma baiskeli zenye mizigo mamia ya kilomita msituni wakati barabara zilipokufa na vita vilipopamba moto walitegemea utaratibu huohuo wa kwenda pamoja.

Ninakubali kwamba hoja yangu ina mpaka, na mpaka huo unaonekana kwenye ramani. Kati ya Katwe na barabara kuu ya Kikorongo njia inakatiza hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1952, ambayo mwaka 1954 ilipewa jina la Queen Elizabeth. Hapo hakuna fundi wala kijiji cha kubadilishana nacho chumvi, kuna tembo na nyati. Katika kipande hicho pampu na kiraka vilikuwa lazima kwa kila aliye peke yake. Ukishafika kwenye lami kuelekea Bwera na soko la Mpondwe, makazi yanafuatana, na tairi kuukuu lililotundikwa kwenye mti linakuonyesha fundi alipo.

Mazingira hayo yanabadilika. Malori na pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya mizigo, na sheria ya kutia madini joto katika chumvi ya mezani, iliyoanza miaka ya 1990, iliipunguzia chumvi ya Katwe nafasi jikoni, ikabaki zaidi kwa mifugo na viwanda vya ngozi. Fundi huwafuata wateja. Akihamia pikipiki, anaagiza vipuri vya pikipiki, na spoku za inchi 28 zinatoweka kwenye sanduku lake. Mtu anayetaka kuendesha baiskeli kutoka Kasese hadi Bwera leo hana budi kuhesabu kwanza mafundi waliobaki na wanachokijua, kisha ndipo apime mfuko wake. Na kila fundi aliyeondoka barabarani ameacha uzito fulani ambao sasa mwendesha baiskeli ataubeba mwenyewe.