Kugeuka Nyuma Ukingoni mwa Kibo

Tarehe 3 Oktoba 1889, karibu saa nane mchana, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika ukingoni mwa kreta ya Kibo na kugundua kwamba hawajamaliza. Sehemu ya juu kabisa ilikuwa mbele zaidi, mwendo wa kama saa moja na nusu. Walikuwa njiani tangu usiku wa manane, na saa nyingi zilikwisha katika kuchonga ngazi kwa shoka kwenye ukuta wa barafu. Kilele walikiona kwa macho. Wakageuka, wakashuka.

Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Meyer, mtoto wa familia ya wachapishaji wa Leipzig, alikuwa amekwisha kushindwa mara mbili. Mwaka 1887 barafu ilimzuia. Mwaka 1888 hata mlimani hakufika: alikamatwa wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, akaachiwa kwa fidia. Mtu wa namna hiyo, kilele kikiwa pale, ana kila sababu ya kujilazimisha.

Na mwili wenyewe ulikuwa unamsukuma akosee. Kileleni, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi huingiza takribani nusu ya oksijeni tunayoipata pwani. Moyo hudunda mbio, pumzi hukatika, tumbo huchafuka, mikono hutetemeka. Hizo ndizo dalili za hofu pia. Ubongo, ambao nao unakosa oksijeni, hauwezi kutofautisha vizuri: hewa imepungua, au nimeogopa? Asiyelijua hilo huongeza mwendo ili ayamalize mateso, na mwendo humzidishia mateso.

Mwaka 1908 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, walichapisha majaribio waliyowafanyia panya. Waliona kwamba msisimko kidogo husaidia kujifunza, lakini ukizidi huharibu. Na kadiri kazi inavyokuwa ngumu, ndivyo unavyoharibu mapema. Kukimbia kunavumilia moyo wa mbio kuliko kuchonga ngazi kwenye barafu iliyosimama wima, mahali ambapo kuteleza mara moja kunatosha. Mwanafunzi aliyewahi kusoma swali la kwanza la mtihani mara nne bila kuelewa neno anaijua kanuni hiyo hata kama hajawahi kuisikia.

Ni rahisi kuiita subira ya mchana ule ujasiri wa Meyer. Lakini tazama kilichokuwa chini yake. Baada ya kushindwa mwaka 1887 alitambua kwamba tatizo kubwa lilikuwa chakula: huwezi kukaa juu muda wa kutosha ikiwa akiba inakwisha. Safari hii aliweka kambi kubwa Marangu kwa Mangi Marealle, nyingine katikati, na ya tatu kwenye mita kama 4,300. Wapagazi walipanda na kushuka kwa zamu wakibeba chakula. Katika kambi ya juu, kwenye baridi kali, alibaki Mwini Amani, mtu wa Pangani, akipika na kulinda hema wakati Wazungu wawili wakiwa kwenye barafu. Masimulizi ya Marangu yanamtaja pia kijana wa Kichaga, Yohani Kinyala Lauwo, kuwa ndiye aliyewaongoza.

Kwa hiyo Meyer aliweza kugeuka nyuma kwa sababu kulikuwa na mahali pa kurudi. Palikuwa na moto, chakula na mtu anayesubiri. Mwenye nafasi moja tu hutetemeka. Mwenye nafasi ya pili hupumua. Utulivu wake ulibebwa mgongoni na watu ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa.

Walipumzika, wakasogeza malazi karibu zaidi na barafu, na tarehe 6 Oktoba wakaondoka alfajiri. Ngazi walizochonga siku tatu kabla zilikuwa bado zinafaa. Kazi iliyoonekana kupotea siku ile ya kwanza ndiyo iliyowaokolea saa na nguvu. Saa nne na nusu asubuhi Meyer alisimama juu kabisa, akakipa kilele jina la mfalme wake wa Ujerumani. Tangu uhuru wa Tanganyika, mwaka 1961, kinaitwa Uhuru.

Barafu ile imepungua sana, lakini maarifa yale bado yapo kazini. Ukipanda leo kutoka Marangu au Machame utayasikia kwa maneno mawili: pole pole. Wageni huyachukua kama salamu ya Kiswahili. Kwa mwongoza watalii ni kipimo: ukishindwa kuongea huku unatembea, umezidisha mwendo. Hupanda na mgeni mchana, humshusha alale chini kidogo. Humwambia atoe pumzi ndefu, kwa kuwa pumzi inapotoka ndipo moyo hupunguza kasi. Na humwangalia usoni kuliko anavyoangalia kilele, maana kazi yake ngumu kuliko zote ni kumwambia mtu aliyelipa mamilioni kwamba leo tunashuka.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Tukiwa mbele ya mtihani, usaili au jukwaa, tunaambiwa tutulie, kana kwamba utulivu ni swichi. Historia ya Kibo inauliza swali la mapema zaidi: kambi yako iko wapi, na nani amekubebea chakula?