Mwiko wa Kupima, Si Mlo wa Kuondoa

Anayekutana na istilahi "mlo wa kuondoa" ana haki ya kuuliza: unaondoa nini? Dawa ya kuondoa madoa huondoa madoa. Mashine ya kukoboa hukoboa. Kwa kanuni hiyo, mlo wa kuondoa ni chakula kinachofukuza kitu tumboni, jamaa wa haluli. Kumbe kinachokusudiwa ni mama anayenyonyesha kuacha chakula fulani, mara nyingi maziwa ya ng'ombe na vitokanavyo, ili ionekane kama damu katika kinyesi cha mtoto itakoma. Watetezi watajibu kwamba nguo za kufua hazifui, hufuliwa. Sawa, basi mlo wa kuondoa ni mlo unaoondolewa mezani, na mama alale njaa. Wapo waliokimbilia "mlo wa mchujo", wakasahau kwamba kinachochujwa ni tui na chai. Protini ya maziwa ya ng'ombe hupita katika titi la mama bila kujali chujio la kamati yoyote ya istilahi.

Neno lililostahili lilikuwepo kabla kamati hizo hazijapata viti, nalo ni mwiko. Mganga alipotoa dawa alitoa na mwiko wake: usile kitu hiki mpaka dawa iishe. Humo mna kila kinachohitajika, yaani chakula kilichotajwa, sababu na kikomo. Ukoo wa neno nao unatuunga mkono. Mzio, ambalo leo tunalitumia kutaja aleji, lilikuwa jirani wa mwiko: lilitaja chakula ambacho mtu amekatazwa au hakipatani naye, na kitenzi chake ni kuzia. Ndugu yake yuko Uganda, omuziro, mnyama au mmea ambao ukoo wa Waganda hauli. Waliolitwaa mzio kwa ajili ya aleji walifanya kazi njema, ila waliishia njiani. Walimpa mtoto jina la maradhi yake wakamwacha mama bila jina la anachofanya. Mtoto ana mzio, mama anashika mwiko: hapo istilahi mbili zinasimama kama pacha, bila kuazima fimbo kwa Mwingereza.

Pingamizi zito ni kwamba wataalamu wa lishe wamehangaika miaka mingi kuvunja miiko iliyowanyima wajawazito mayai, nasi tunairudisha kwa mlango wa istilahi. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu sisemi mwiko tu, nasema mwiko wa kupima. Mwiko wa mayai haukumpima mtu; ulirithiwa. Huu unapima, na kipimo hakijakamilika mpaka chakula kirudishwe. Mama huacha maziwa kwa wiki 2 hadi 4, kisha huyanywa tena: dalili zikirudi, mzio umethibitika; zisiporudi, hakuna sababu ya kuendelea kuyakosa. "Kuondoa" linataja nusu ya kazi, nusu ile ile inayowaacha kina mama wakijinyima chakula kimoja baada ya kingine bila kujua wakomee wapi. Ama wanaokumbusha kwamba mwiko pia husonga ugali, wawe na amani: hakuna msomaji atakayedhani daktari amemwagiza mama aache kupika.

Matumizi ni mepesi: mama ameshika mwiko wa kupima wa maziwa, mwiko umetenguliwa, dalili zimerudi, umewekwa tena. Ushikwe chini ya uangalizi wa daktari au mtaalamu wa lishe, kalsiamu na vitamini D zikifidiwa. Mtoto aendelee kunyonya, maana kinachoshukiwa ni protini ya maziwa ya ng'ombe, wala si laktosi, ambayo imo katika maziwa ya kila mama hata asiponywa tone la maziwa.