Domeni nyingi ndani ya cPanel moja: namna ya kuziendesha bila kuzichanganya

Mwenye domeni moja hana presha. Kazi huanza pale fundi wa tovuti anapokuwa na ya duka, ya shule na ya kanisa, zote kwenye akaunti moja ya cPanel. Ghafla kanisa linapiga simu: ukurasa wao unaonyesha bei za vyerehani.

Mara nyingi chanzo ni kiboksi kimoja tu. Ukiongeza domeni kupitia sehemu ya Domains, kuna chaguo la "Share document root" ambalo huja likiwa tayari limewekewa tiki. Ukiliacha hivyo, domeni mpya itasoma folda ileile ya domeni kuu, yaani public_html. Hiyo inafaa kama unataka majina mawili yafungue tovuti moja, mfano .com na .co.tz za kampuni hiyohiyo. Kama ni tovuti tofauti, toa tiki kisha uipe domeni folda yake, tena yenye jina la domeni yenyewe. Folda inayoitwa "mpya2" itakusumbua baada ya miezi sita.

Ni vizuri folda hiyo ikae nje ya public_html. Ikikaa ndani, siku ukisafisha faili za tovuti kuu unaweza kufuta na ya mteja mwingine.

Halafu kuna nameserver. Kuongeza domeni kwenye paneli hakutoshi, lazima kule ilikosajiliwa ielekezwe kwenye seva yako. Mabadiliko yanaweza kuchukua saa chache, wakati mwingine hadi 48. Hapa ndipo wengi wanapoteza barua pepe za wateja: wanabadili nameserver bila kunakili kwanza rekodi za MX, na ofisi nzima inakaa kimya siku mbili ikidhani hakuna aliyewaandikia. Nakili rekodi zote za zamani, ziweke kwenye Zone Editor, ndipo ubadili.

Cheti cha SSL kwa kawaida hutolewa chenyewe na AutoSSL, ila ni mpaka domeni iwe imeshaelekea kwenye seva hiyo. Ukiona kivinjari kinaonya, angalia SSL/TLS Status kabla ya kununua cheti ambacho hukihitaji. Toleo la PHP nalo unaweza kulibadili kwa kila domeni peke yake kupitia MultiPHP Manager.

Jambo zito zaidi ni usalama. Domeni zote za akaunti moja zinatumia mtumiaji mmoja wa seva. WordPress moja iliyosahaulika bila kusasishwa ikidukuliwa, mdukuzi anaweza kufika kwenye folda za wengine wote. Kwa hiyo tovuti inayopokea malipo isikae chumba kimoja na blogu za majaribio. Ipe akaunti yake, hata kama gharama inaongezeka kidogo.

Tarehe za kuisha domeni ziandike mahali pamoja, maana paneli kwa kawaida haikukumbushi. Usajili ni kitu kingine na hosti ni kitu kingine. Domeni ya .com ikishafutwa na msajili huingia siku 30 za kukombolewa, kwa ada inayouma, kisha siku 5 za kusubiri kabla ya kuachiwa yeyote.

Na ukiondoa domeni kwenye cPanel, usajili wake unaendelea. Hata faili zake hubaki kwenye folda zikila nafasi, mpaka uzifute mwenyewe kwenye File Manager.